Sura ya Sita: Moto wa Pembeni

Mfuniko ulikataa kufunga.

Shemeji aliusukuma kwa viganja viwili, akauzungusha, akaujaribu mshazari, na kila alipouachia ulibaki umeinuka upande mmoja kwa upana wa vidole viwili. Chini yake alilala chali bata mzinga wa ratili 24, karibu kilo 11, miguu imefungwa uzi, na kidari chake kilichotuna ndicho kilichokuwa kinaunyanyua mfuniko. Ilikuwa Alhamisi ya nne ya Novemba, katika ua wa nyuma wa nyumba ya dada yangu huko Minnesota, saa nne asubuhi, baridi nyuzi sita chini ya sifuri. Wageni kumi na wanne walikuwa wameambiwa waje saa nane.

"Shemeji, tafuta kitu kizito," akaniambia.

Nikaleta tofali. Tofali liliushusha mfuniko kwa mbele, ukanyanyuka kwa nyuma.

Tuliyoyafanya baada ya hapo yangemtoa machozi mpishi yeyote. Hewa iliyopita kwenye lile pengo iliupa mkaa nguvu ambayo hatukuiomba. Mafuta ya ndege yakadondokea makaa, ndimi za moto zikapanda, na kila zilipopanda tulifunua kuangalia, nazo zikapata hewa mpya zikapanda zaidi. Kufika saa sita ngozi ilikuwa nyeusi kama kitako cha chungu. Tukafurahi kwamba kaiva mapema. Shemeji akatia kisu kwenye paja, na karibu na mfupa tukakuta nyama mbichi ya baridi; ndani ya kifua bado mlikuwa na chenga za barafu.

Dada yangu ni mtu wa Tanga na hamwamini mwanamume yeyote aliyeshika koleo. Tangu alfajiri alikuwa amepika sufuria kubwa ya pilau, "ya akiba" kwa maneno yake, akaificha chini ya blanketi. Wageni walikula pilau na kachumbari wakashiba. Ndege alirudishwa jikoni, akakatwa vipande, akachemshwa na tangawizi na pilipili manga, akaishia kuwa supu. Hakuna aliyemtaja mezani. Watu wa pwani tumefunzwa hivyo, aibu ya mwenyeji haiulizwi.

Nimeirudia asubuhi ile kichwani mara nyingi, na naona tulikuwa na kosa moja tu lililozaa mengine yote. Tulidhani tumesimama mbele ya jiko la kuchomea. Mtu aliyekulia kwenye nyama choma, awe wa Arusha au wa Kitengela, ana picha moja ya moto: makaa chini, wavu juu yake, nyama juu ya wavu, na mchomaji anayegeuza huku akipiga soga. Picha hiyo inafaa kwa mbavu za mbuzi na mishikaki, ambako joto halina safari ndefu. Ndege wa kilo nane ana kidari kinene kuliko ngumi ya mtu mzima, na joto huingia ndani ya nyama taratibu, kama mvua ya manyunyu inavyoingia kwenye udongo wa mfinyanzi. Ukimwekea makaa chini yake, nje inakuwa mkaa kabla ndani haijapata habari.

Jiko lile la duara lenye mfuniko wa kuba ni tanuri. Na sisi, kuliko watu wengi, tulipaswa kulijua hilo bila kuambiwa. Angalia mkate wa kumimina unavyoiva. Mchele uliosagwa, tui, hamira, iliki na sukari vinamiminwa sufuriani, sufuria inakaa juu ya makaa machache, na chini kukishashika, makaa mengine yanapaliwa juu ya mfuniko. Bibi yangu akifika hapo aliyapunguza ya chini mpaka yakabaki majivu yenye uhai kidogo, kazi yote ikawa ya juu. Hakufunua. Alikaa kwenye kibao chake akachambua mchele wa jioni, na harufu ya iliki ilipogeuka ikawa na utamu wa kuungua kwa mbali, alinyanyuka. Hicho ndicho kipimajoto alichokuwa nacho, na sikumbuki kikimdanganya.

Jiko la kuba linafanya kazi ileile kwa kuyapeleka makaa pembeni. Yanarundikwa kushoto na kulia, katikati panaachwa wazi, na juu ya uwazi huo ndiyo anakaa ndege. Chuma cha kuba kinashika joto na kulirudisha chini, hewa ya moto inazunguka, na nyama inaiva kutoka pande zote bila moto kuigusa.

Aliyelibuni hakuwa mpishi wa hoteli. George Stephen alifanya kazi katika kiwanda cha Weber Brothers Metal Works, eneo la Chicago, kiwanda cha vyuma ambacho pamoja na mengine kilitengeneza maboya ya majini. Kwake alikuwa na jiko la wazi la kuchomea nyama, na upepo na mvua vilikuwa vimemchosha. Mwaka 1952 alichukua boya la chuma lililopasuliwa nusu mbili. Nusu moja akaitia miguu, ya pili akaitia mkono wa kushikia, ikawa mfuniko. Inasimuliwa kwamba moto wa kwanza ulimzimikia kwa sababu chombo hakikuwa na pa kupumulia, ndipo akatoboa matundu. Baadaye, Warusi waliporusha setilaiti yao mwaka 1957, watu walilipachika jiko lake jina la Sputnik, na ukilitazama kwa mbali, mviringo ule na miguu yake mitatu, huwezi kuwalaumu.

Mtu huyo angeletwa Gerezani pale Dar es Salaam, au Kamukunji jijini Nairobi, katikati ya mafundi wanaopasua mapipa kwa patasi na nyundo na kuyageuza majiko, asingejiona mgeni hata nusu saa. Tofauti iko kwenye ile nusu ya pili. Sisi tukipasua pipa kwa urefu, nusu ya pili tunaiuza kama jiko jingine.

Mwaka uliofuata nilirudi Minnesota nikiwa nimejiandaa kama mtu anayekwenda kurudia mtihani. Sherehe yenyewe, Siku ya Shukrani, Wamarekani huihusisha na mavuno ya Plymouth ya mwaka 1621. Abraham Lincoln aliitangaza kuwa siku ya taifa zima mwaka 1863, na sheria ya mwaka 1941 ikaifunga kwenye Alhamisi ya nne ya Novemba. Kwa wahamiaji ina faida moja kubwa: haidai dini ya mtu. Watu wanakula pamoja, basi. Dada yangu humnunua ndege wake kwenye bucha la halali la Wasomali, ambao Minnesota ni wengi kuliko katika jimbo jingine lolote la Marekani.

Ndege mwenyewe anastahili maneno mawili, kwa sababu kila taifa limemkosea jina. Sisi tunamwita bata naye si bata. Ukoo wake ni wa kuku, kware na kanga. Asili yake ni bara la Amerika, na watu wa Mexico walimfuga zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Wahispania walimpeleka Ulaya mwanzoni mwa karne ya 16, na hapo ndipo fujo ilipoanza. Waingereza walikuwa wakimjua kanga, ndege wa Afrika aliyewafikia kupitia nchi za Waturuki, wakampa jina la Uturuki. Mgeni kutoka Amerika alipofika akalirithi jina hilo, na kanga akanyang'anywa. Wafaransa walimwita wa India. Waturuki nao, ambao wangeweza kukanusha, wanamwita hindi. Wareno wamempeleka Peru. Mwaka 1758 mwanasayansi Linnaeus alipompa jina la kitaalamu, Meleagris, alichukua neno la kale la Kigiriki lenye maana ya kanga. Kwa hiyo kanga wetu, huyu wa madoadoa tunayemvaa kiunoni, amemwazima jina lake mara mbili na hajalipwa.

Anayeuzwa madukani kule si yule anayetamba uani kwetu akivimbisha manyoya kumtisha mgeni. Ni mbegu iliyochaguliwa kwa kifua kipana na manyoya meupe, ili akinyonyolewa ngozi isibaki na madoa. Kifua kimekuwa kikubwa hivi kwamba madume hawawezi kupanda majike tena, wanapandikizwa mbegu kwa mkono wa binadamu. Kwa mpishi maana yake ni hii: ana nyama nyingi mno ya kidari, nyeupe, isiyo na mafuta, inayokauka upesi, na miguu yenye kano na mafuta inayotaka muda zaidi. Ndege mmoja, vyakula viwili vyenye haja tofauti, na vyote viko kwenye mfupa mmoja. Huyu wa uani kwetu ana shida nyingine, maana amekimbia mwaka mzima akila panzi na pumba. Mimi humchemsha kwa moto mdogo kwanza mpaka kano zilegee, ndipo nimtie chini ya mfuniko apate ngozi na moshi.

Mara hii kazi ilianza Jumamosi. Kabla ya lolote, tulimchukua ndege, kilo nane, akiwa bado jiwe ndani ya mfuko wake, tukamweka kwenye wavu wa jiko lisilo na moto na kufunika. Mfuniko ulikaa sawasawa na juu ya kidari pakabaki nafasi. Ningependa kila mtu afanye hivyo dukani kama wangemruhusu. Jiko la kawaida la aina hii lina upana wa sentimita 57, na kwa uzoefu wetu kilo tisa ndiyo mpaka. Ukizidisha unanunua ugomvi. Pia pima trei. Shemeji alikuwa na trei nzuri ya kuokea, yenye mikono miwili ya kushikia, na mikono hiyo ndiyo iliyoifanya isiingie.

Kisha barafu. Ndege aliyeganda anayeyuka kwenye friji, nyuzi nne au chini ya hapo, na hesabu ya kawaida ni siku moja kwa kila kilo mbili. Kilo nane ni siku nne. Mwaka wa kwanza tulikuwa tumemtoa friza Jumanne usiku, na tuliamini yatajipa. Mtu akichelewa anaweza kumtumbukiza kwenye maji baridi akiwa kafungwa vizuri, nusu saa kwa kila ratili, maji yakibadilishwa kila nusu saa. Kwa ndege wetu hiyo ingekuwa saa tisa za kusimama kwenye sinki. Kumwacha mezani usiku kucha ni hatari, kwa sababu nje huwa vuguvugu na bakteria wanaanza harusi yao huku ndani bado ni barafu.

Jumatano jioni nikampaka chumvi kavu, gramu nane kwa kila kilo, pamoja na vitunguu saumu vilivyopondwa, pilipili manga na bizari nyembamba, nusu juu ya ngozi na nusu chini yake, nikipenyeza vidole taratibu isichanike. Soma karatasi ya mfuko kwanza. Ndege wengi wa Marekani huuzwa wakiwa wamedungwa maji ya chumvi, na hao ukiwaongeza nyingine hawaliki. Akalala kwenye friji bila kufunikwa. Chumvi hutoa maji ya nyama kwanza, kisha maji hayo hurudi ndani yakiwa na ladha, na ngozi inakauka. Ngozi kavu ndiyo inayopata rangi.

Hapo dada akaja na pendekezo lake.

"Mdogo wangu, tumjaze pilau tumboni. Akiiva, pilau nayo imenywa mafuta yake yote."

"Dada, mpaka pilau ya mle ndani ipate joto la kuua wadudu, kidari kitakuwa kamba ya katani."

"Katani unamwambia mtu wa Tanga?"

"Ndiyo maana nimekuambia. Wewe unaijua."

Alicheka, akachukua limau lililokatwa, kitunguu na mchaichai, akavitia tumboni mwa ndege bila kuniuliza. Pilau ikabaki kwenye sufuria yake. Naamini kabisa kwamba hata mwaka ule iliitwa ya akiba.

Alhamisi, saa tatu asubuhi, theluji iko kifundoni. Mkaa tuliotumia ni ule wa vitonge, jamaa wa mkaa mbadala unaouzwa kwetu siku hizi. Una historia yake: miaka ya 1920 Henry Ford alikuwa na mabaki mengi ya mbao za magari yake, akayageuza mkaa, mkaa ukasagwa, ukachanganywa na wanga na kukandamizwa kuwa vitonge, ukauzwa pamoja na magari. Uzuri wake hapa ni kwamba vitonge vinalingana, kwa hiyo vinahesabika. Mkaa wa magogo unawaka kwa ukali na ladha yake naipenda zaidi, ila kwa saa nne za moto wa kiasi nataka kitu ninachoweza kukihesabu.

Vitonge 25 kila upande, vikawashwa ndani ya bomba la bati kwa gazeti lililokunjwa chini yake. Mafuta ya taa hapana; chini ya mfuniko uliofungwa harufu yake haina pa kwenda isipokuwa kwenye nyama. Wakati mkaa unashika nilimweka ndege mezani na mfuko wa barafu juu ya kidari kwa nusu saa. Shemeji alidhani nimechanganyikiwa, baada ya yote tuliyoyapata kwa barafu. Ujanja huu umeelezwa na Harold McGee, mwandishi wa sayansi ya mapishi: kidari kikianza kikiwa baridi kuliko miguu, vyote viwili vinafika mwisho wa safari karibu pamoja. Kwa sababu hiyohiyo nilimlaza mapaja yakitazama marundo ya makaa na kidari kikiwa katikati, mbali na moto. Chini ya wavu, kati ya marundo mawili, tukaweka trei yenye maji, shingo na firigisi. Mafuta yalidondokea mle, na zile ndimi za moto za mwaka uliopita hazikuonekana hata mara moja.

Halafu hewa, na hapa naomba nikae kidogo, maana ndipo jiko hili linapofundishika au kushindikana. Matundu ya chini yanaingiza hewa, matundu ya mfuniko yanaitoa. Hewa ya moto inapopanda na kutoka juu inavuta mpya kutoka chini, na mkaa unakula kadiri unavyoletewa. Ya juu tuliyaacha wazi muda wote. Ukiyabana, moshi unatuama na nyama inapata uchungu wa masizi. Uendeshaji wote ukawa wa chini, kwa kidole, nusu sentimita kwa nusu sentimita. Tulitaka nyuzi kati ya 165 na 175. Mchomaji wa kwetu amezoea kuongeza moto kwa kupepea na kuupunguza kwa kumwagia maji. Hapa unafungua au unabana, halafu unangoja robo saa ndipo ujue umefanya nini. Shemeji, ambaye kazi yake ni udereva wa malori makubwa, aliuelewa mchezo haraka kuliko mimi. Alisema ni kama kupunguza mwendo ukiwa na tela zito: unaanza kabla ya kuona kona.

Baridi ilitudai mkaa zaidi kuliko nilivyotegemea. Vitabu husema vitonge vinane kila upande kwa saa. Tulikuwa tunaweka kumi na viwili, kwa sababu chuma chembamba kwenye baridi ile kinapoteza joto kama nyumba isiyo na dari. Upepo ulikuwa mbaya kuliko baridi yenyewe. Tukageuza jiko mpaka tundu la chini likaupa upepo mgongo, tukasimamisha ubao hatua chache pembeni.

Shemeji alitaka tulisogeze gereji, mlango ukiwa umefunguliwa nusu. Nilikataa kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuitumia kwa mume wa dada yangu. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na mtu wa Njombe au wa Limuru hahitaji kuelezwa: habari za watu waliolala na jiko la mkaa ndani msimu wa baridi wasiamke anazijua. Tukabaki nje, kila mmoja na makoti mawili.

Tulifunua mara tatu tu kwa saa za kwanza tatu, kila mara kwa kuongeza mkaa, na kwa saa yangu joto lilihitaji dakika kumi kurudi lilikokuwa. Mara ya pili nikatupia juu ya makaa vipande vichache vya mti wa tufaha. Moshi huo, pamoja na gesi za makaa yenyewe, huipa nyama iliyo karibu na ngozi rangi ya waridi inayobaki hata ikiwa imeiva kabisa. Mgeni asiyejua ataisukuma sahani akidhani ni mbichi. Kwa hiyo rangi haiamui chochote, wala maji yanayotoka ukichoma kwa kisu, wala kile kidude cha plastiki kinachopachikwa kifuani na kiwanda ili kichomoze, ambacho mara nyingi huchomoza kidari kikiwa kimeshakauka. Kipimajoto cha kuchoma ndani ya nyama kinauzwa bei ya kuku mmoja. Mamlaka za Marekani zinataka nyuzi 74 kila mahali. Mimi hutoa ndege kidari kikisoma 71, maana joto la nje huendelea kusafiri kwenda ndani na dakika kumi baadaye kinasoma 74 chenyewe. Nikiona hakifiki, ninamrudisha. Paja naliacha lipite 80, kwa sababu kano zake zinageuka ute laini huko juu.

Ilipokaribia saa sita na nusu mzee jirani, Mmarekani wa rika la marehemu baba, alipita uani akiwa na pai ya maboga mkononi. Hakutaka kufunua. Alivua glavu, akaweka kiganja juu ya tundu la mfuniko, si karibu sana, akanyamaza kidogo na kuinusa ile hewa. Akasema bado saa moja. Ikawa dakika hamsini na tano.

Nilimkumbuka bibi na kibao chake.

Ndege alipotoka alikuwa na rangi ya mbao za mvule zilizopakwa mafuta. Tukamwacha apumzike dakika arobaini chini ya foili iliyolegezwa, muda ambao wageni waliuona mrefu na watoto waliuona ni dhuluma. Wakati huo dada alichuja mchuzi wa kwenye trei, akaengua mafuta, akatia tui la pili na ukwaju, akauchemsha mpaka ukashika kijiko. Mzee jirani alijimwagia mara tatu. Mapaja yaliisha kwanza, ambayo ni kawaida ya watu wetu. Kidari kilibaki kidogo, kikiwa na maji yake, na sikusikia mtu akikiombea mchuzi.

Usiku shemeji alitoka kufunga matundu yote, ya juu na ya chini. Bila hewa makaa yanazimika, na yaliyosalia yanabaki kuwa mkaa. Mifupa ilikuwa tayari ndani ya sufuria na mdalasini na iliki, supu ya kupikia pilau ya kesho yake.

Asubuhi niliamka nikasikia vyuma vinagongana nje. Dada alikuwa amesimama kwenye theluji, koti la mumewe juu ya dera, kanga kichwani, anaokota vitonge vilivyobaki kimoja kimoja kwa koleo na kuviweka kwenye jiko dogo la bati alilolibeba kutoka nyumbani miaka mingi iliyopita. Kando yake, juu ya kiti cha plastiki, palikuwa na sufuria iliyofunikwa.

"Shikamoo dada. Unapika nini saa hizi?"

"Marahaba. Mkate wa kumimina," alisema. "Na usije ukafunua."